Alama za Kuazima

Wajukuu zangu, Tunduma ni mji wa watu wasiojuana. Dereva anatoka Dar es Salaam na shehena ya Lubumbashi, analala kwenye foleni, anavuka, humwoni tena. Mbadilisha fedha ameshika kwacha mkono huu na shilingi mkono ule, na hujui kwao ni wapi. Huku kwetu bondeni, Msangano, mambo ni mengine. Mtu anajulikana tangu babu yake. Ukivaa koti la kuazima, mtoto wa darasa la pili atakutajia mwenye koti. Nyinyi mmelelewa huku na mnakwenda kutafuta maisha kule, na hapo ndipo penye hofu yangu. Bondeni mlizoea kumsoma mtu mwenyewe. Mpakani mtu hasomwi, zinasomwa alama zake: viatu, simu, lafudhi, cheti, namna anavyotaja majina ya wakubwa. Mtasomwa hivyo, na mtawasoma wenzenu hivyo, mpende msipende.

Siwalaumu kwa kupenda kupendeza. Vijana wa zamani nao walikuwa hivyo hivyo, na serikali ilijua kabisa kwamba nguo inasema. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza Operesheni Vijana kupiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, haukuwa unahangaika na kitambaa. Ulihangaika na kile kitambaa kilichokuwa kikiwaambia watu.

Kabla sijasomea ualimu nilikuwa utingo katika barabara ya Zambia. Ilikuwa miaka ile baada ya Ian Smith kujitangazia uhuru wake Rhodesia, Novemba 1965. Zambia ikabanwa upande wa kusini, mafuta yakawa yanapanda kwa malori kutoka Dar es Salaam na shaba inateremka kwa malori hayo hayo, kwenye vumbi wakati wa kiangazi na kwenye tope wakati wa masika. Iliitwa njia ya jehanamu, na aliyeipita hakuuliza kwa nini. Barabara hiyo ndiyo iliyonipa somo la kwanza la haya ninayowaandikia, na mpaka leo mnaweza kwenda kulitazama wenyewe. Lori la mbele linapanda mlima, dereva wa nyuma haoni kinachokuja. Wa mbele akiwasha taa ya kushoto anasema pita, akiwasha ya kulia anasema tulia. Mtu anayaweka maisha yake na ya abiria wake mikononi mwa mwenzake asiyemjua hata jina, kwa ajili ya taa inayowashwa kwa kidole.

Kwa nini taa hiyo inaaminika, na kuiwasha ni bure? Kwa sababu akidanganya, ajali inatokea ubavuni mwake. Na kesho yeye ndiye atakuwa nyuma ya lori la mwingine. Faida yao moja, hasara yao moja. Pale ambapo mkizama mnazama wote, hata alama isiyogharimu kitu inatosha. Liwekeni hilo kichwani, maana kazi kubwa ya tapeli ni kukufanya uamini kwamba mko ndani ya mtumbwi mmoja.

Mkikutana na mtu ambaye faida yake yaweza kuwa hasara yenu, mwuza simu, mchumba, mchungaji mgeni, dalali wa kazi za Zambia, taa ya kidole haitoshi. Hapo jiulizeni swali moja: mwongo angelipa kiasi gani kuipata alama hii? Kama angeipata kwa bei ile ile anayolipa mkweli, alama hiyo haijawaambia kitu. Kama mwongo angeumia kuliko mkweli, au asingeiweza kabisa, isikilizeni.

Wazo hili si langu. Amotz Zahavi, mtaalamu wa wanyama wa Israeli, aliliandika mwaka 1975, na kwa miaka mingi wenzake wengi walilikataa. Alisema baadhi ya alama zinaaminika kwa sababu ni mzigo: asiye na nguvu hawezi kuubeba. Ushahidi mmoja mzuri ulitoka Serengeti. Swala tomi akimwona adui, mara nyingi hakimbii moja kwa moja. Anaruka juu kwa miguu yote minne iliyokakamaa, tena na tena, mbele ya macho ya anayetaka kumla. Ukitazama haraka utasema ni mpumbavu, anapoteza nguvu na muda. Clare FitzGibbon na John Fanshawe waliwafuatilia swala hao wakiwindwa na mbwa mwitu, na mwaka 1988 wakaandika walichokiona: mbwa mwitu walichagua kuwafukuza wale waliokuwa wakiruka kwa kasi ndogo. Waliofukuzwa wakaponyoka ndio walioelekea zaidi kuruka, na waliruka kwa muda mrefu kuliko waliokamatwa. Swala anamwambia mbwa: usijichoshe, mimi hunipati. Mbwa anamwamini kwa sababu swala mgonjwa hawezi kuyasema maneno hayo. Hapo hakuna undugu, hakuna huruma, hakuna kiapo, na bado ukweli unapita kutoka kwa swala hadi kwa adui yake.

Sasa njooni kwa binadamu, ambaye ni fundi kuliko swala, na kwa hiyo ni mwongo kuliko swala.

Mimi nilishika chaki tangu enzi za UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, kwa hiyo nianze na cheti. Mwajiri hakuoni ndani. Hajui kama utaamka alfajiri au utalala, kama utaelewa unapofundishwa. Mchumi wa Marekani, Michael Spence, alieleza mwaka 1973 kwamba cheti kinamsaidia mwajiri hata kama hukujifunza chochote cha kazi yenyewe, kwa sababu kukipata kunamtesa zaidi mtu mvivu au mzito wa kuelewa kuliko mtu mwepesi. Mwaka 2001 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na wenzake wawili. Maelezo yake ni mazuri, ila yanasimama juu ya sharti moja: cheti kisipatikane kwa njia ya mkato. Sisi tuliona sharti hilo likivunjika. Tarehe 28 Aprili 2017, kule Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki iliyoonesha kwamba watumishi wa umma 9,932 walikuwa na vyeti vya kughushi. Watu wengi walishangilia. Mimi nilifikiria zaidi wale wenye vyeti halali. Kila cheti feki kilichopita kilikuwa kimekata kipande cha thamani ya vyeti vyao, maana alama ikishapatikana kwa bei rahisi, inawashushia bei hata walioilipia kwa jasho. Na niseme jambo ambalo wengine hawatalipenda: miongoni mwa walioondolewa walikuwamo watu walioifanya kazi kwa miaka mingi na kuijua vizuri. Alama ilikuwa ya uongo, kazi ilikuwa ya kweli. Sheria ilikuwa na haki ya kuwaondoa, lakini jueni kwamba alama ya kitu na kitu chenyewe ni vitu viwili, na mtu anaweza kuwa na kimoja bila kingine.

Alama ninayoiheshimu kuliko zote haina karatasi. Ni msiba.

Mnajua kwetu msiba unavyokwenda. Wanaume wanachimba kaburi, wanawake wanabeba kuni, maji na unga, watu wanalala nje kwenye baridi, daftari la rambirambi linazunguka. Fikirieni msiba unaoangukia wakati mpunga unatoa masuke. Kila nyumba ina mtu shambani tangu alfajiri akiamia kwelea kwelea, na anayeondoka siku moja anajua ndege hawatamsubiri. Mtu huyo anaacha shamba, anakuja kushika sepetu. Hakuna mwongo anayetaka kulipa bei hiyo. Asiyekupenda anaweza kukusifu kutwa nzima, anaweza kukupigia makofi na kukuitikia marahaba kwa sauti tamu, lakini hatakubali ndege wale mpunga wake kwa ajili ya mama yako. Ndiyo maana wazee wa kijiji hawakusanyi maneno ya watu, wanakumbuka nani alichimba. Mnadhani ni chuki pale mtu asiyehudhuria misiba ya wenzake anapofiwa na kujikuta na watu wachache. Si chuki. Hajawahi kutuma ujumbe, kwa hiyo hakuna jibu.

Siku hizi simu inalia na elfu tano inaingia: pole sana, tuko pamoja. Pesa inasaidia, siikatai, unga haununuliwi kwa machozi. Na mtu aliye Dar es Salaam au ng'ambo ya Nakonde kwenye kibarua, kutuma ndiyo njia yake, na tunajua nauli ilivyo. Ninayemsema ni yule aliye hapo Chitete, mwendo mfupi tu, anayetuma elfu tano kisha anaendelea na mambo yake akiamini amefika. Kwa mwenye kipato, elfu tano haisemi kitu, kwa sababu hata asiyejali angeituma. Halafu yupo wa aina nyingine, ambaye anafika kaburi likiwa limekwisha chimbwa, amevaa fulana yenye picha ya marehemu, na simu yake imeinuliwa juu kuliko msalaba. Huyo naye anatuma ujumbe, ila hautumi kwa wafiwa.

Kuna hatari nyingine iliyo ngumu zaidi, nayo ni alama ya kweli iliyosomwa vibaya. Mkumbuke mwaka 2011, au waulizeni wazazi wenu. Mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapila, aliwapa watu kikombe cha dawa katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500. Nchi nzima ilihamia huko, na wengine kutoka nchi jirani. Magari yalipanga foleni kilomita nyingi, mawaziri walikunywa, na waganga wa vikombe wakaibuka mikoa mingine, hata huku Mbeya. Hoja niliyoisikia zaidi midomoni mwa watu ilikuwa ile 500. Tapeli, walisema, angetoza elfu hamsini. Hoja hiyo ina akili ndani yake: mtu mwenye tamaa angeona uchungu kuacha fedha zote zile. Nami naamini ile bei ilisema kweli juu ya mchungaji huyo, kwamba hakuwa akitafuta utajiri. Lakini haikusema neno moja juu ya dawa. Mtu anaweza kuwa mkweli kabisa na akakosea kabisa. Wapo walioacha dawa zao za hospitali kwa sababu ya kikombe, na shilingi 500 ya uaminifu haikuwasaidia. Kwa hiyo mkishajua kwamba alama ni ya kweli, ulizeni tena: ni ya kweli juu ya nini?

Matapeli wa simu nao wana lao la kufundisha. Taarifa za Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, za miaka ya karibuni zimekuwa zikiutaja Rukwa, jirani zetu hawa, pamoja na Morogoro, kuwa mikoa inayoongoza kwa majaribio ya utapeli wa simu. Msiwacheke, anayedanganya kwa simu hahitaji kuvuka mto ili awafikie. Wengi wenu mnapopata ule ujumbe unaokuagiza utume ile hela kwenye namba nyingine, mnacheka na kujiuliza nani anaweza kudanganyika na kitu cha kijinga hivyo. Ujinga wake ndio ufundi wake. Mwaka 2012 Cormac Herley, mtafiti wa Microsoft, aliuliza kwa nini matapeli wa barua pepe hujitaja wazi kuwa wako Nigeria, wakati kila mtu amekwisha sikia habari hizo. Jibu lake ni kwamba hadithi ya ovyo inawachuja watu. Mjanja anacheka anafuta, na tapeli hapotezi muda naye. Anayejibu amejichagua mwenyewe. Ujumbe wetu unafanya kazi hiyo hiyo, na unamnasa hasa mtu ambaye siku hiyo kweli alikuwa anadaiwa kodi au ada na anasubiri kutumiwa namba. Kwa hiyo ukicheka, jua kwamba wewe hukuwa unatafutwa. Anatafutwa bibi yako. Mkae naye, mwelezeni, na namba ya tapeli muitume kwenda 15040. Pia bonyezeni *106# mwone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chenu, maana huenda mtu mwingine anatapeli kwa jina lako.

Nendeni siku moja mnadani mkatazame wafugaji wa Kisukuma walioingia bonde la Rukwa na ng'ombe wao. Mwenye mifugo mingi kuliko wote mara nyingi amevaa katambuga na koti lililopauka. Madalali wanamwamkia yeye kwanza. Hana haja ya kupiga kelele, ng'ombe wake wako pale wanakula majani mbele ya kila mtu. Kijana aliyeuza ndama wawili ndiye mwenye miwani. Simaanishi kwamba kila mwenye katambuga ni tajiri, na matapeli wameshajua kuvaa umaskini pia. Namaanisha kwamba mtu anapohangaika sana kuonesha kitu fulani, mara nyingi ni kwa sababu hakuna njia nyingine ya sisi kukiona.

Wajukuu zangu wa kike, nanyi nina neno lenu. Zamani katika nchi hizi, kuanzia Ufipa hadi kwetu, jembe la chuma lilikuwa mali ya mahari. Chuma kilitoka kwenye mawe, kwa mkaa mwingi na tanuri la udongo lililojengwa na watu wengi. Kijana aliyeleta jembe alikuwa ameleta pia habari: ama ana mikono, ama ana ndugu wanaomwamini. Leo kijana anakuja na pikipiki, nanyi mnaitazama pikipiki. Pikipiki inaweza kuwa ya tajiri, na yeye anapeleka hesabu kila jioni. Muulizeni kama yuko kwenye mkataba, na kama aliwahi kuumaliza. Aliyepeleka hesabu siku baada ya siku, mvua na jua, kwa mwaka mzima na zaidi, mpaka chombo kikawa chake, huyo amelipa kitu ambacho mlevi na mwongo hawakiwezi. Pikipiki yake inaweza kuwa imechakaa, na hiyo ndiyo pikipiki ya kuitazama. Na mkitaka kumjua zaidi, msimtazame akiwa nanyi, maana akiwa nanyi anajua anatazamwa. Mtazameni anavyomwita mhudumu wa mgahawa, na anavyomwongelea mtu anayemdai.

Wavulana, ubaya wa alama za kuazima ni kwamba riba yake hailipwi na aliyezivaa peke yake. Naona mambo ya mikeka ya kubashiri mechi: aliyeshinda anaisambaza picha ya mkeka wake kwa watu wote, aliyepoteza anaifuta, na mdogo wake anayeziona picha za ushindi tu anaamini kwamba nchi nzima inashinda isipokuwa yeye. Naona pia mpunga unauzwa ungali shambani. Mlanguzi anafika Machi, anaona kijana ana haraka, naye anaisoma haraka hiyo kama mnavyosoma herufi. Ukifika na uso wa mtu anayetaka simu kabla ya Pasaka, umekwisha mwambia bei yako ya mwisho kabla hajafungua mdomo. Debe analolipia kwa fedha kidogo mwezi huo atalitoa ghalani mwishoni mwa mwaka kwa bei nyingine kabisa, na huenda akamuuzia mama yako.

Kwa hiyo nawaomba, wale ambao wanunuzi wameshaanza kuwazungukia: msipokee fedha ya mpunga ambao haujavunwa bila kukaa kwanza na mzazi, au na mimi kama mzazi hayupo. Kama shida ni ugonjwa au ada ya shule, tutatafuta njia pamoja, ukoo una watu. Kama shida ni kuonekana, basi vuneni kwanza, wekeni ghalani, halafu mje mniambie ni nani hasa mnataka awaone.